Chanja Zimejaa Dagaa, Nikajibu "Kidogo Tu"

Mama Honorata, shikamoo.

Nakuandikia haraka haraka, unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa dirisha la kuthibitisha chuo linafungwa na mimi nimechaguliwa sehemu mbili, sayansi ya viumbe wa majini na sosholojia, na nimekaa na simu mkononi kama mtu aliyeshika kaa la moto, sibonyezi huku wala kule. Naitwa Melania, naishi Katubuka, hapa Kigoma, mama yangu anaanika dagaa juu ya chanja pale mwaloni Katonga, mitumbwi inaposhushia samaki, na tangu nimalize kidato cha sita nimekuwa nafanya vibarua vya watafiti wanaokuja huku kwetu, nawatafsiria Kiha, nawabebea vifaa, nawaonyesha njia.

Mama, mimi sikujua kama kuna watu ambao kazi yao ni kuuliza, tena wanauliza vitu ambavyo sikuwahi kuwaza kama vinaulizika. Nilianza na wataalamu wa matope, wale wanatoboa sakafu ya ziwa wanatoa udongo wenye mistari mistari, wanausoma kama sisi tunavyosoma gazeti, wanakwambia hapa palikuwa na ukame, hapa mvua, enzi ambazo hata Ujiji haijakuwapo. Halafu wakaja wa konokono wa kichocho, wakaja wanaochunguza kwa nini maji yalipanda yakameza nyumba za ufukweni, akaja dada mmoja anakusanya majina ya upepo kwa Kiha, akaja mwingine anawasikiliza wastaafu wa reli tu, kutwa nzima, wakimsimulia maisha yao. Kila mmoja nikirudi nyumbani nasema hii ndiyo nitasoma, wiki inayofuata anakuja mwingine na lake, nalo nalipenda.

Ila walioniteka kabisa ni wawili. Dk. Aikande ni mtaalamu wa samaki, ametokea Moshi, na asubuhi mitumbwi ikirudi tunapima dagaa kwenye mizani, tunawapasua wachache, tunaangalia kwa hadubini kama wana mayai. Ni mwanamke mpole na alinifundisha hadubini kabla sijaomba. Kazi nzuri sana.

Wa pili ni Dk. Mudathir, yeye ni wa mambo ya jamii, na hapa naomba univumilie. Alikuwa anazunguka kwa akina mama wanaoanika, anawauliza msimu unakwendaje, mimi natafsiri, na wote, Mama, wote, walijibu "Kidogo tu, tunamshukuru Mungu," wakati mimi nimetoka mizanini asubuhi hiyo hiyo na nimeona kwa macho yangu dagaa walivyofurika. Jioni hao madaktari wawili wanakunywa chai, huyu anasema samaki mwezi huu wamevuliwa wengi, yule anasema akina mama wana hali ngumu, wakabishana kwa adabu mpaka chai ikapoa. Kesho yake Dk. Mudathir akafika penye chanja zetu, mama hayupo, kaenda kutafuta chumvi, basi akaniuliza mimi, "Na nyie nyumbani mmepata kiasi gani?" Nami, bila kufikiri, chanja nyuma yangu zimejaa mpaka zimebonyea katikati, nikajibu, "Kidogo tu, tunashukuru." Akaziangalia chanja, akaniangalia mimi, akasema, "Melania, hizo ni nini?" Nilicheka mpaka nikakaa mchangani.

Tangu siku hiyo kichwa changu hakitulii. Nilianza kuuliza mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Mama Rozalia akaniambia, "Ukitaja nyingi kabla hazijakauka, mvua inasikia." Jirani yake akasema hapana, ni mchuuzi, akisikia nyingi anashusha bei. Wa tatu akasema ni kijicho, na mama yangu akaniangalia kama nimeugua, akaniuliza, "Sasa wewe ulitaka tujibuje?" Kumbe jibu moja, sababu tatu, na mama yangu hata sababu haioni, na wote wanne wamekaa mchanga mmoja! Nikajiuliza, na wanaoanika upande wa Kongo nao wanajibu hivi, na wakulima wa mihogo je, na wanaokamua mawese, na ni nani alianza, na mtoto anafundishwa lini, maana mimi sikumbuki kufundishwa.

Sasa kosa langu ni hili. Dk. Aikande aliniuliza, "Utakuja kwetu kwenye samaki?" nikasema ndiyo, kwani mtu mzima akikuuliza kwa wema utamjibu hapana? Baadaye Dk. Mudathir akaniuliza kama nitakwenda kwenye sosholojia, nikasema ndiyo. Kila mmoja ananitambulisha kwa watu kuwa ni mwanafunzi wake, natamani ardhi inimeze. Na mama naye ameniambia, "Hao wanaouliza wanakuja na kuondoka, majibu hatujawahi kuyaona. Na wewe utaondoka?" Nikamjibu, "Hapana, mama, niende wapi?" na moyoni najua si kweli. Nisipobonyeza nakosa vyote, nikibonyeza namuumiza mtu. Nichague kipi?

Melania, Katubuka.

Jibu la Mama Honorata

Marahaba, mwanangu.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, uji ukaungua. Humu kwenye safu yangu huwa naletewa waume waliopotea na mawifi wenye midomo, leo nimeletewa msichana anayelia kwa sababu dunia ina mambo mengi ya kujua. Nimefurahi, na uji nimeusamehe.

Sasa nikugombeze. Umewaambia watu wazima wawili ndiyo, nawe una mwili mmoja. Hiyo unaiita heshima. Mimi naiita woga uliojifunga kitenge. Mkubwa anayekupenda hahitaji umpambe kwa uongo, anahitaji kujua kama akuandalie nafasi au ampe mwingine. Dk. Aikande akikungoja mwaka mzima, utakuwa umemheshimu vipi?

Unaniuliza uchague kipi. Hebu isome tena barua yako. Samaki umewapa mistari michache, ukafunga na "kazi nzuri sana," kama mtu anayesifu wali wa msibani. Kisha ukaniomba nikuvumilie, ukamwaga akina mama, mvua, wachuuzi, Kongo, mihogo na mawese, hata nukta ukaisahau. Hukuniambia Dk. Aikande alikuta nini kwenye matumbo ya samaki. Pengine hukuuliza. Kwa akina mama ulirudi kuuliza bila kutumwa. Mwanangu, chanja zako zimejaa, na mimi unanijibu hujui.

Thibitisha sosholojia. Fanya hivyo leo, usingoje Ijumaa. Mtandao wetu unaijua tabia yake.

Usidhani umewapa samaki talaka. Angekuwapo Dk. Mudathir peke yake, angeondoka Kigoma akiamini mna njaa. Dk. Aikande naye angeondoka na uzito wa dagaa bila kujua kwa nini mwenye dagaa ananyamaza. Walihitajiana, ndiyo maana chai ilipoa. Hilo swali lako halitakaa kwenye chumba kimoja. Ukitaka kujua kama kweli mvua huwaharibu dagaa kabla hawajakauka, utabisha hodi kwa watu wa hali ya hewa. Mchuuzi utamkuta kwa watu wa uchumi, na yule dada wa majina ya upepo atakusaidia namna watu wanavyotaja na kutotaja. Na akina mama wakikwambia dagaa wamepungua, utarudi kwa Dk. Aikande na mizani yake. Basi usimpoteze mama wa watu.

Nenda kwake kwa miguu yako, si kwa ujumbe wa simu. Mwamkie, mwambie, "Nilikujibu ndiyo kwa aibu, na moyo wangu uko kwenye jamii. Naomba wakati wa likizo nirudi kwenye mizani." Ukishasema hivyo, usimwongezee ahadi nyingine. Mtu aliyekufundisha hadubini kabla hujaomba hatakuchukia kwa kusema kweli.

Nije kwa mama yako, na hapa nasema taratibu. Hakukukataza kusoma. Alikuuliza jambo moja tu, nawe ukamjibu "niende wapi?" wakati begi umeshalipanga moyoni. Kumbe hata mzazi umempa ile "kidogo tu." Kaa naye pale pale kwenye chanja, mkono mmoja ukigeuza dagaa, umwambie, "Mama, nitaondoka, na nitakachokipata nitakuletea wewe kwanza, kwa Kiha." Na usingoje miaka mitatu kumthibitishia. Wiki hii mwombe Dk. Mudathir, kabla hajafunga mizigo, awakalishe akina mama wa Katonga awaeleze alichokiona, wewe utafsiri. Wakimbishia, wambishie. Nitashangaa wasipombishia.

Jambo la mwisho, na hili ni onyo. Yule mama aliyekutajia mchuuzi alikunong'oneza kwa sababu wewe ni binti wa pale. Maneno yake ni ngao yake ya sokoni. Utakapoyaandika, ficha jina lake na mahali anapoanika. Mimi mwenyewe, kabla ya kuchapa barua yako, nimebadilisha jina la yule mwenye mvua, kwa hiyo mnaokwenda Katonga kumtafuta Mama Rozalia mtarudi mikono mitupu.

Mwaka wa kwanza ukiisha utashuka stesheni ya Kigoma na mabegi yako, mama yako atakuwa pale anakungoja. Atakupokea mzigo, atakutazama, halafu atakuuliza kama tunavyoulizana sote, "Haya, huko umepata?" Siku hiyo, Melania, mtajie chanja zote. Mvua isikie.