Niape Mbele ya Watu Kwamba Kibonyo cha Marehemu Baba Hakina Kazi?

Dada Mshauri mpendwa,

Pole na kazi, na unisamehe mwandiko, maana mkono huu umezoea nyundo kuliko kalamu, ila shida iliyonikaba safari hii hainyooki kwa nyundo, na nisipopata mtu wa kuniambia la kufanya kabla ya Alhamisi ijayo nitaumbuka mbele ya soko zima la Chust, au nitaupoteza urithi pekee alioniachia baba yangu, moja kati ya hayo mawili, na sijui lipi lina nafuu.

Mimi ni mhunzi wa visu, mwana wa fundi bingwa, Usta Mamasoli, Mungu amrehemu. Visu vyetu vinajulikana kwa kitu kimoja, kibonyo kidogo chenye umbo la mwezi mchanga kwenye bapa, karibu na mpini, upande wa kulia, na mtu akiingia sokoni hahangaiki kusoma muhuri wala kuuliza jina, anauliza tu, "Vile vya mwezi viko wapi?" na anaelekezwa kwetu, na hivyo ndivyo tulivyoishi miaka arobaini, kwanza baba kisha mimi.

Sasa, nilikuwa na mwanagenzi aitwaye Ilhomjon, leo ni mtu mzima wa miaka thelathini na minne mwenye watoto watatu, nilimfundisha miaka sita sikumficha kitu, na siku ya kuhitimu nikachinja kondoo, nikamfunga mshipi wa ufundi kiunoni, nikampa fatiha ya baraka na muhuri wake mwenyewe wa ua la komamanga mbele ya mafundi wote, nikalia, wallahi nililia kama namwozesha binti. Akaenda kufungua karakana yake mtaa wa juu. Mwaka jana napita sokoni naona nini? Ua la komamanga, na pembeni yake mwezi wangu! Damu ikanipanda, nikamfuata hadi kwake nikamwuliza, "Ilhomjon, hii ni nini?"

Akaweka mkono kifuani, kwa adabu ile ile inayonikera, akasema, "Usta wangu, kisu kisicho na pa kuweka gumba si kisu. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Kifute!"

"Nitakifutaje, Usta? Wateja watajikata."

Umesikia jibu la mwizi hilo? Nikapanda gari hadi Tashkent nikapeleka maombi kibonyo kisajiliwe kuwa alama yangu ya biashara, asikitumie mwingine yeyote, na Ilhomjon naye, badala ya kuona haya, akaweka pingamizi, na tumepangiwa kusikilizwa na maofisa wa usajili Alhamisi.

Nikatafuta mwanasheria, binti mmoja mwenye miwani aitwaye Zilola, mdogo wa umri lakini kichwa kipo, akanitengea chai akaniuliza, "Baba, hiki kibonyo kina kazi gani?" Nikaona hapo ndipo penyewe, nikavuta pumzi nikamwaga yote, kwamba gumba likikaa pale kisu hakitelezi, mkono hauchoki, karoti za pilau zinatoka njiti nyembamba za kulingana, hakuna kisu kingine duniani kinachofanya hivyo. Binti wa watu akafunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Baba, nakuomba, hayo usiyarudie popote."

"Kwa nini? Ndiyo sifa yake!"

"Ndiyo kaburi lake. Alama ya biashara ni kitambulisho tu. Kama kibonyo kinasaidia kukata, basi ni haki ya kila mhunzi kukiweka, hupewi peke yako. Kama hakisaidii chochote, ila watu wakikiona wanajua kisu ni chako, hapo tunaweza kukipigania. Alhamisi utasimama useme hakina kazi yoyote. Hata chembe."

Dada yangu, hebu fikiria. Kibonyo cha baba, hata chembe?

Na sasa nafika pale panaponiuma, na haya sijamwambia mtu. Ni kweli. Hakina kazi. Baba alikuwa na nyundo iliyomeguka ukingo, kila akimalizia kufua shingo ya kisu ule ukingo unaacha alama, na kila msimu anaapa atanunua nyingine, hanunui, mpaka watu wakaanza kuitambua alama na yeye akaona haya kuiondoa. Alipofariki nikatengeneza chombo cha kuigonga kusudi. Halafu siku moja mteja mmoja kutoka mjini, amevaa suti, akaniuliza kwa nini kuna kibonyo, nikaona aibu kusema nyundo ya baba ilikuwa mbovu, ulimi ukateleza nikasema ni pa kuweka gumba, akashangaa, akanunua sita. Ndipo nilipoharibika. Nikaandika kwenye maboksi, "Kibonyo cha Usta Mamasoli: karoti zinajikata zenyewe." Nikaweka bango juu ya mlango lenye picha ya gumba. Nikaenda kwenye televisheni ya mkoa nikakata karoti huku nimefungwa kitambaa machoni, watu wakapiga makofi, na ukweli ni kwamba mimi karoti nakata hata kwa kigae. Na sasa Ilhomjon amewasilisha boksi langu na kanda ya televisheni kuwa ushahidi kwamba kibonyo kina kazi, tena kubwa!

Nilimweleza mama, ana miaka themanini na mbili, alikuwa amekaa uani anavunja kokwa za aprikoti kwa nyundo ile ile ya baba, maana ndiyo kazi yake siku hizi. Hata hakuinua kichwa. "Baba yako aliilaani hii nyundo mpaka anaingia kaburini," akasema. "Na hilo gumba mnalolisema ni la nani? Langu halijawahi kuingia humo. Labda la mtoto mchanga."

Basi ndiyo hali yangu. Nikisema kweli, nashinda, lakini Chust nzima itajua kwamba nimewadanganya miaka kumi na minane, na Ilhomjon atakaa pale mbele ananitazama. Nikiushikilia uongo, mwezi wa baba unakuwa wa kila mtu, na mwakani utauona hadi kwenye visu vya kiwandani. Niambie dada yangu, je, hakuna neno la katikati? Siwezi kusema kina kazi kidogo?

Mwana wa Usta,
Chust

MSHAURI ANAJIBU

Mwana wa Usta,

Pole. Nimetanguliza pole kwa sababu mbele huku sina nyingine.

"Kazi kidogo"! Nimesoma sentensi hiyo nikaweka barua mezani nikacheka hadi chai ikapoa. Watu wanaoniandikia hapa huwa wanatakiwa kusema ukweli na kupoteza nyumba, mume au kazi. Wewe wa kwanza unatakiwa kusema ukweli na kushinda, na bado unaniomba nikutafutie njia ya kukwepa. Mtu mzima na ndevu zako!

Lakini kesi ndilo jambo dogo. Zilola anaijua kazi yake, msikilize. Kubwa ni Ilhomjon, na hapo umenikasirisha. Umemwita mwizi. Hebu isome tena barua yako mwenyewe. Miaka sita ulimwambia gumba linakaa pale. Ulimgonga vidole mara ngapi alipoliweka kwingine? Usinijibu, najua mafundi mlivyo. Mwizi angeuiga mwezi wako ili auze. Huyu ulipomwambia aufute alikwambia wateja watajikata. Alikuwa anahofia vidole vya watu! Mnakaa watu elfu ngapi Chust, na mmoja tu ndiye aliyekuamini moja kwa moja bila kubakiza, na huyo ndiye unayempeleka mbele ya maofisa.

Kwa hiyo asiyasikie kwa mara ya kwanza Alhamisi, kwenye viti vya ofisi, mbele ya wanasheria. Nenda Jumatano asubuhi, kwa miguu yako. Mnunulie mama yako nyundo nyingine ya kokwa, ile ya baba yako uichukue, na mikate miwili ya moto, usiende mikono mitupu kwa mtu uliyemkosea. Usihutubie. Mpe nyundo, mwambie apashe kipande cha chuma na amalizie shingo kwa ule ukingo uliomeguka. Ni mhunzi. Ataona mwezi unatokea wenyewe chini ya mkono wake, na ataelewa kabla hujafungua mdomo. Kisha umwombe msamaha. Ndiyo, wewe mkubwa umwombe mdogo, na usimalizie kwa kumwambia naye aombe.

Akicheka, cheka naye. Akikasirika, kaa umalize kukasirikiwa, ni haki yake, miaka yote hii amekuwa akigonga kitu kisicho na maana kwa sababu yako na kuwafundisha wateja wake pia. Wala usimgusie habari ya kuondoa pingamizi. Akiliondoa, aliondoe kwa hiari yake. Asipoliondoa, mtakutana Alhamisi lakini hutakuwa na sababu ya kuangalia chini. Na siku yoyote akibaki na lile ua lake la komamanga peke yake, wewe uwe wa kwanza kulisifu sokoni, kwa sauti.

Jumatano hiyo hiyo, ukirudi, panda ngazi uteremshe lile bango la gumba. Upande wewe, usimtume mtu.

Alhamisi nenda na mama yako, na nyundo, na visu vyote vya zamani vya baba yako utakavyoweza kukusanya. Sema kibonyo hakina kazi, sema kilitoka kwenye nyundo mbovu, sema watu wakikiona wanajua kisu kimetoka nyumba ya Mamasoli. Wakikuonyesha boksi na kuuliza maneno haya ya karoti yametoka wapi, jibu, "Niliandika uongo." Ishia hapo. Usieleze habari ya mteja wa suti, usiseme ulimi uliteleza. Ulimi hautelezi miaka kumi na minane. Kama watauliza zaidi, mwachie mama yako, sidhani kama atakuwa na neno la kupunguza.

Soko litacheka, hilo sikufichi. Watakuuliza gumba linaendeleaje, mkahawani watakuwekea karoti mezani wasubiri ijikate. Vumilia msimu mmoja.

Na wateja? Hapo naomba nami nikiri kitu. Ninacho kisu chako. Nilikinunua nilipopita Chust mwaka wa kumi na mbili sasa, kutoka kwa bwana mmoja mwenye maneno mengi aliyenishika kidole mbele za watu akaniambia gumba langu limekaa vibaya. Nadhani tunamjua sote. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikibana gumba langu kwenye kile kibonyo, linakufa ganzi, mke wa mwanangu ananitazama na kuniuliza, "Mama, mbona unakishika kama unakinyonga?" Nikamwambia yeye ni mtoto, haelewi visu. Karoti zangu zikitoka mbaya nililaumu gumba langu.

Leo asubuhi, baada ya kusoma barua yako, nimekishika ninavyopenda mimi. Nimekata karoti za kilo mbili. Hazikuteleza, hazikukwama, na yule mke wa mwanangu amezichukua zote akazitia sufuriani. Ni kisu kizuri mno, na kilikuwa kizuri siku zote, kibonyo kiwepo kisiwepo. Baba yako alijua kufua chuma. Hilo ndilo ulilopaswa kuliandika kwenye boksi.