Jino Pana na Mfupa Wake

Mjukuu wangu Wangari,

Huku Gakindu tuko wazima, na mamako ameenda kuchuma kahawa. Umeniuliza kama urudi kwa daktari, maana jino lako la kupandikizwa linapendeza lakini ufizi unatoa damu. Rudi, mama.

Hata langu, la kupandikizwa kama lako, lilisifiwa kanisani. Lakini ufizi ulivimba, na ulimi haukuacha kulipapasa. Nilipolalamika, daktari aliyeliweka aliniambia nitazoea. Nikahangaika hadi daktari mwingine, wa Nyeri, akapiga picha. "Cucu, jino ni pana mno hapa chini. Linabana ufizi, uchafu unajificha, na mfupa umeanza kuliwa."

Akalifungua kwenye skrubu yake, akanitengenezea lingine lililo jembamba penye ufizi. Uvimbe ukaisha. Mfupa ulioliwa haukurudi.

Sitatulia mpaka uniambie umeonwa.

Cucu wako, Nyambura