Kichekesho cha Mfereji

Lushoto, 4 Agosti 2002

Mdogo wangu Mbaraka,

Assalaam aleikum. Hujambo, na kazi ya ofisini huko Dar es Salaam inakwendaje? Sisi huku kijijini Kwai ni wazima, ila baba goti linamsumbua kwa baridi hii. Usishangae barua kuja kwa kompyuta. Yunis, binti mwenye duka la intaneti hapa mjini, amenifundisha, nami natafuta herufi mojamoja kama ninachambua maharage.

Msimamizi wa mfereji amehamia Korogwe. Jumapili ya tarehe 25 watu wanachagua mwingine, na mimi nimetoa jina langu. Unazijua zamu zetu: wanaume asubuhi na jioni, wanawake saa sita, maji nusu yanaishia juani. Tangu wafanyabiashara waanze kuleta malori yao mpaka shambani kununua kabichi, hakuna anayemwachia mwenzake hata tone. Karoti zangu zimekauka misimu miwili. Ukija wa tatu kama hiyo, bustani basi, na tangu shemeji yako afariki wanangu wanakula bustani ile. Nikipata usimamizi, zamu zitazunguka kwa wote. Niombee dua.

Dada yako,
Mwanahawa

*

Dar es Salaam, 6 Agosti 2002

Shikamoo dada,

Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mpe baba pole ya goti. Dada mwenyekiti, dada mkubwa wa maji, nani angejua? Dua nimeomba.

Huku tuna orodha ya barua pepe ya vijana wa Usambara walioko mijini, tuko zaidi ya mia. Kila siku ni vichekesho, na mimi ndiye bingwa. Kwa heshima ya uchaguzi wako nimetunga hiki:

"Mwanamke alipewa mfereji alinde. Akafungulia maji, akakaa kusukwa. Msuko wa mwisho ulipokwisha, miche ya kabichi ya baba yake ilishateremka na maji mpaka Mombo. Baba akauliza, miche iko wapi? Akajibu, imetangulia sokoni."

Watu wamecheka mpaka bosi akanitolea macho. Usinune, ni utani tu. Kura yangu ungeipata.

Mdogo wako,
Mbaraka

*

Lushoto, 19 Agosti 2002

Mbaraka,

Marahaba. Sitauliza afya yako, naona unacheka vizuri.

Yule Tobia wa Tanga, aliyesoma na wewe na yuko kwenye orodha yenu, alikuja likizo na kichekesho chako kwenye karatasi, akakibandika kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Nikipeleka mahindi, wanaume wananiuliza miche imefika Mombo? Nikipita na ndoo, watoto wanauliza hivyo hivyo. Salama, aliyeahidi kunipendekeza mkutanoni, ameniambia anaona aibu. Baba naye amesomewa. Alicheka, akasema, "Ndiye Mwanahawa huyo."

Sasa nikuulize wewe bingwa. Mwaka themanini na nne, nani aliambiwa azibe mfereji, akaenda kucheza mpira, maji yakabeba miche ya baba? Ulikuwa na mtihani wa darasa la nne kesho yake. Nikasema ni mimi, ili usiende kwenye mtihani na makalio yaliyovimba. Nilichapwa mimi. Na tangu siku ile, mwanamke yeyote akitaja mfereji, wazee wanataja miche ya baba.

Sikuwahi kukudai hilo, na sikudai leo. Lakini umesahau kweli, au ulikumbuka ukaandika hivyo hivyo? Nina hasira na wewe, na sijui niziweke wapi.

Dada yako,
Mwanahawa

*

Dar es Salaam, 21 Agosti 2002

Shikamoo dada,

Nimeandika barua hii mara nne nikaifuta. Sikusahau. Hadithi ile nimeisimulia mara nyingi kwa jina lako, mpaka ikawa yako hata kichwani mwangu. Nilipokuwa nakitunga kichekesho nilikuwa nacheka kwa raha kabisa, hapo ndipo ninapojiogopa. Mtihani ule nilifaulu, na uliofuata, na kiti ninachokalia sasa kimetokana na huo. Nilidhani ni akili zangu.

Jana niliandika kwenye orodha kwamba aliyeacha maji ni mimi. Watu thelathini wakajibu "hahaha". Wamedhani ni kichekesho kipya, na wengine wamekipenda kuliko kile cha kwanza.

Kwa hiyo nimeandika kwa mkono, nimetia sahihi, na barua nimempa kondakta wa basi la Lushoto aikabidhi kwa Yunis. Isomwe mkutanoni mbele ya baba. Nisamehe, dada. Nina aibu.

Mdogo wako,
Mbaraka

*

Lushoto, 26 Agosti 2002

Mbaraka,

Assalaam aleikum. Goti la baba limepata nafuu, alifika mkutanoni kwa miguu yake.

Barua yako niliisoma mwenyewe, neno kwa neno. Nikamwangalia baba, nikasema moyoni, leo atajua si mimi. Baba akacheka, akasema mtoto wa kiume asipoharibu kidogo hakui. Wote wakacheka naye, na hakikuwa kicheko kibaya, ndicho kilichoniuma. Kwa miche ile ile mimi nilipigwa fimbo mpaka zikakatika mbili.

Salama alisimama akanipendekeza, nimemsamehe. Ndipo mzee Yonathani akasema, kijana aliyesoma, anayekubali kosa mbele za watu bila kuulizwa, huyo ndiye mwaminifu, huyo ndiye wa kulinda maji ya watu. Mtu akasema yuko Dar. Mzee akajibu, si kitu, dada yake yuko hapa, atamshikia kazi.

Mimi kura kumi na moja. Wewe arobaini na tatu.

Wewe ulikiri mara moja wakakuita mwaminifu. Mimi nilikubeba miaka kumi na minane, hakuna aliyetafuta jina la kuniita.

Kwa hiyo nitaamka alfajiri kuzibua na kuziba, nitagombana na wenye mashamba ya juu, na daftari litaandikwa Mbaraka. Zamu zinabaki zilivyo, maana dada wa msimamizi hana ruhusa ya kuzibadili. Wamenituma nikuulize kama unaukubali usimamizi.

Nakuuliza.

Dada yako,
Mwanahawa