Maneno Yako ya Dirishani

Mke wangu Rukia,

Assalaam alaykum. Mu wazima hapo nyumbani? Kifua cha mama kimepoa? Mimi mwili ni mzima, lakini roho haipo mahali pake.

Simu yangu imekufa. Iliniponyoka kazini ikazama kwenye tangi la maji. Simu si kitu, nimepata nyingine. Msiba ni ile programu yangu ya kutunza maneno ya siri, niliyokuwa nikijitapa kwako kwamba hata walioitengeneza hawawezi kuifungua. Wallahi hawawezi! Nimewaandikia, nimewalilia, wakanijibu kwa adabu kwamba neno kuu nalijua mimi peke yangu. Nalijua wapi? Miaka yote nilikuwa nafungua kwa kidole tu.

Na kila kitu kimo humo. Kibali changu cha kukaa huku Doha huhuishwa kwa mtandao, nacho kinakwisha mwisho wa mwezi huu. Nikibonyeza kwamba nimesahau, wananitumia ujumbe kwenye barua pepe, na neno la siri la barua pepe limo humo humo. Nazunguka kama ngamia wa kinu. Kibali kikifa narudishwa, na huku sirudi tena. Tutakula nini, mke wangu?

Unaikumbuka siku nilipoiweka programu hiyo? Nilikuwa nimekaa ngazini, wewe dirishani juu unaanua nguo. Yule mtembeza wageni akaja na watu wake kutoka Ngomeni, wakaanza kuzipiga picha kanga zako kambani, mpaka shimizi. Lo! Ukawamwagia maneno, Kimvita kitupu, mtaa mzima ukacheka. Nikayaandika vile vile ndiyo yawe neno kuu. Nikasema, haya hakuna mwizi duniani atakayeyabahatisha.

Maana yake naikumbuka. Maneno yenyewe yamenipotea. Chumbani nalala na mtu wa Tanga, Mzanzibari na kijana wa Nairobi, na siku hizi nasema kama wao, "njoo" badala ya "ndoo", "macho" badala ya "mato". Nimejaribu kila namna, lakini herufi moja ikikosewa ni bure. Jana nililia chooni, nikijiuliza nimesahauje mke wangu anavyonena.

Barua hii anakuletea Twahir, fundi mwenzangu, anayekuja kwa arusi ya dadake. Wiki ijayo anarudi huku. Tafadhali yaandike maneno yale kwenye karatasi, uyafunge ndani ya bahasha, umpe mkononi. Usiyatume kwa simu. Usimwambie mtu, hata mama. Na uyaandike unavyoyatamka wewe, usiyanyooshe kama tulivyofundishwa shule.

Msalimie mama, na ami yangu wa Liwatoni, na maalim wetu. Mwambie aniombee dua, ila usimwambie ya nini.

Na kama hukumbuki, Rukia, nakusihi, simama tena pale dirishani. Watalii hawakosi. Waache wapige picha, ukasirike.

Mumeo anayekungoja useme,
Swaleh