Miche Niliyoirudishia

Mdogo wangu mpenzi, Mwalimu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kimekuacha. Sisi hatujambo. Mama anagombana na kuku kutwa nzima, kwa hiyo ujue afya anayo.

Kwanza pokea shukrani zangu. Nimevuna. Shamba lile lile lililokuwa likinipa magunia matatu limetoa manane. Nimelima kwa daftari la marehemu mwanangu, ulilonikabidhi baada ya mazishi. Nilipima mistari kwa kamba yake ya mafundo, nikatia samadi kila shimo, na mahindi yalipofika urefu wa kiganja nikapunguza, nikabakiza mche mmoja kila shimo. Jirani alipita akaniuliza kama nimekosana na mahindi yangu. Juzi amekuja kuazima kamba.

Umeniandikia kwamba unataka kuacha kufundisha kilimo, maana kama mtoto wa dada yako mwenyewe hakukuelewa, nani atakuelewa? Nakuomba usiamue kabla hujamaliza kusoma.

Likizo ile, mwanangu, Bwana Shamba wetu kama tulivyozoea kumtania, alipanda mahindi ya mtihani wako kwenye kipande chake hapa nyumbani, akapunguza miche kama ulivyomfundisha, kisha akarudi bwenini. Mimi nikaona miche mizima imelazwa juani. Roho ikaniuma. Nikasema huyu mtoto hajui njaa. Nikaiokota yote, nikairudishia mashimoni kwa vidole. Mvua ikanyesha siku ile ile, miche ikashika.

Mlipokuja na darasa lako kukagua, mahindi yalikuwa yamesongamana, membamba kama vidole. Ulimwambia mbele ya wenzake kwamba kichwa chake kilikuwa dirishani ulipokuwa ukifundisha, ukampa kumi na tisa kwa mia. Nilikuwa nimesimama pale pale na jagi la maji. Nikanyamaza. Yeye akakuomba radhi, akainama kufunga kiatu kisichokuwa na kamba.

Miaka yote nilidhani hakujua. Lakini ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya alama zako, ameandika kwa penseli: "Mama aliirudishia. Asiambiwe, atahuzunika."

Alikuelewa, mdogo wangu. Aliyefeli ni mimi, na mwaka huu nimerudia mtihani kwa daftari lake. Ahsante kwa kumfundisha, naye akanifundisha.

Daftari nalituma pamoja na barua hii. Mrekebishie alama, kwa kalamu nyekundu ile ile, kisha unirudishie kabla ya msimu wa kupanda.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie wanafunzi wako, hasa wale wanaonyamaza ukiwagombeza.

Ni mimi dada yako,
Mama Bwana Shamba