Shahidi wa Keki

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Zipokee salamu zangu kabla hujamkaribisha ndani aliyezileta, maana najua ukimwona na begi lile utasahau kusoma. Mpe maji ya kuoga, mpe chai, kisha wewe ukae karibu na dirisha uvae miwani. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imekufaa? Na usingizi unaupata? Sisi huku tu wazima, tunashukuru. Joto ndilo limetuzidi, mchana bati la nyumba haligusiki, lakini tunakula, tunalala, hatujambo.

Nimekuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu wewe unaijua dawa yake. Kila nikifika kwenye jambo lenyewe mtandao wako hupotea, na nikitaja kwamba kuna kitu kidogo nataka kukutumia, hurudi wenyewe. Barua hii nimeifunga kwa gundi. Si kwamba simwamini mwanao asiifungue njiani, ila kwa kweli simwamini.

Utakumbuka nilivyokulalamikia likizo hii ndefu ya kiangazi. Kiwandani kwetu tunashona sare za shule, kwa hiyo shule zikifungwa ndipo sisi tunapofungiwa kwenye mashine. Ni kola na mifuko na vifungo tangu asubuhi hadi jua lizame, na ruhusa hakuna hata ya kuugua. Nikawa sijui Chiriku na mdogo wake watashinda na nani. Ndipo halmashauri ya jiji ikabandika matangazo kwenye nguzo za umeme kwamba likizo nzima kutakuwa na shughuli za bure kwa familia zenye watoto. Saa ya hadithi maktaba, kuogelea kwenye bwawa la manispaa, makumbusho bila kiingilio, kupanda gari la zimamoto, sinema bustanini, na mwisho siku ya watoto mahakamani. Sharti lilikuwa moja tu, mtoto aje na mzazi wake.

Mwanao akasema mzazi ndiye yeye. Yule hulinda ghala usiku na mchana ndiyo saa yake ya kulala, hivyo nilidhani ananitania. Akasema usingizi ataulala uzeeni, watoto hawakui mara mbili. Siku ileile nilikupigia kumsifu, nawe ukaniambia wanaume wa namna hiyo siku hizi hawazaliwi tena, nimshukuru Mungu kwa kunipa nisichostahili. Nikashukuru. Kila asubuhi niliwafungia chakula, nikawakunjia nguo za kuogelea na taulo, nikasimama mlangoni kuwapungia mkono hadi wakate kona.

Chiriku unamjua, jina lile ulimpa wewe mwenyewe kwa sababu siku aliyojua kusema hakunyamaza tena. Jioni za mwanzo alinisimulia makumbusho chumba kwa chumba, mifupa ya nyangumi, kiti cha mfalme, saa iliyosimama. Mdogo wake, Bwana Mdogo, alikuwa akimtazama mdomoni kama mtu anayeisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza. Nilicheka sana. Nikajua dada mtu anatia chumvi, na mtoto asiyetia chumvi ni nani.

Kisha zikarudi nguo za kuogelea. Zilikuwa zimelowa vizuri, lakini nilipozitoa kwenye mfuko ili nizianike hazikunuka dawa ya bwawa, ile inayowasha macho. Zilinuka sabuni ya waridi. Nyumbani kwangu hakuna sabuni ya waridi, mama, tunaogea mche mmoja tunaofulia. Nikazinusa tena, nikazianika.

Sasa hapa nijiseme mwenyewe kabla hujanisema. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliirefusha kwa makusudi. Sikumuuliza baba yao, kwa kuwa mtu mzima hudanganya bila kutoka jasho. Nilimuuliza mtoto. Kila jioni nilimweka mezani nikamhoji gari la zimamoto lina ngazi ngapi, mkutubi anaitwaje, sinema iliishaje. Nilitaka aanguke. Hakuanguka. Alinitungia askari wa zimamoto mwenye jicho moja na mkutubi anayeongea na vitabu, na baba yake akawa anatafuna huku akitabasamu kama mwalimu aliyefaulisha. Kabla likizo haijafika nusu alikuwa ameng'ata kucha hadi kwenye nyama. Akaanza kukojoa kitandani, mtoto wa miaka tisa. Nilifua mashuka asubuhi, na jioni nikamuuliza tena. Nilidhani siri yenyewe ni ndogo tu, labda anawapeleka kwa marafiki zake wacheze karata.

Siku ya watoto mahakamani iliangukia siku ambayo fundi alikuwa anazifungua mashine zetu kuzisafisha, tukapewa mapumziko. Nikasema twende sote. Mwanao akasema mahakama si mahali pa watoto. Nikamsomea tangazo.

Ukumbi ulikuwa wa kweli, wenye benchi ngumu na feni zinazolia, na jaji alikuwa wa kweli pia, mama mmoja mnene mwenye joho na sauti ya kubembeleza. Kesi ndiyo ilikuwa ya mchezo. Mtu fulani alikuwa amekula keki ya jaji Jumanne ya kwanza ya likizo, na akatakiwa baba mmoja miongoni mwetu awe mshtakiwa. Kina baba wote wakatazama viatu vyao. Mimi nikamsukuma wangu mgongoni na kumpigia makofi, akapanda kizimbani anacheka, maana anapenda kutazamwa, hilo hakuliokota barabarani. Mwendesha mashtaka, binti mmoja mwanasheria, akaomba shahidi anayemjua vizuri mshtakiwa. Watoto wa watu wakanyoosha mikono. Chiriku wake aliukalia. Nikamshika kiwiko, nikauchomoa mkono ule chini ya paja na kuunyanyua juu mwenyewe. Aliponitazama nilijua ninamtendea ubaya, na sikuushusha.

Kabla hajala kiapo alimuuliza jaji kama mtu anaweza kufa kwa sababu mwingine amesema kweli. Watu wakacheka, wakasema mtoto ana akili huyo. Jaji akamwambia ameketi pale miaka mingi na hajawahi kuona ukweli ukiua mtu. Chiriku akashusha pumzi, mama, mabega yake yote yakashuka.

Akaulizwa mshtakiwa alikuwa wapi Jumanne. Akasema kwa msusi. Msusi yupi? Yule anayekaa ghorofani nyuma ya kiwanda cha barafu, aliyemzaa mdogo wao mchanga. Ukumbi ukacheka. Akaulizwa mshtakiwa hufanya nini huko, akajibu kwamba huvua viatu akalala, na wao hukaa kwenye ngazi hadi aamke. Jioni msusi huwamwagia maji ya ndoo na sabuni wakiwa wamevaa nguo za kuogelea, ili zilowe. Binti mwanasheria akajaribu kuirudisha kesi kwenye keki, akauliza kama huko kulikuwa na keki. Chiriku akasema ndiyo, yenye mshumaa mmoja, kwa kuwa mtoto alikuwa ametimiza mwaka. Mshtakiwa aliila? Vipande viwili. Na nani aliyeikata?

Akasema ni bibi.

Watu walicheka hadi wakajifuta machozi. Walidhani mtoto ana kipaji cha maigizo. Ni yule binti peke yake aliyeacha kucheka, akamtazama mwanao, kisha akanitafuta mimi kwenye benchi. Watoto wenzake waliowekwa kuwa wazee wa baraza, wa kumsaidia jaji kuamua, wakanyoosha mikono, mshtakiwa ana hatia, adhabu yake aimbe. Na mwanao akaimba. Aliimba wimbo wa chekechea mwanzo hadi mwisho, mikono kiunoni, jasho likimtiririka shingoni, nami nikampigia makofi ya kufuata mdundo.

Hivyo ndivyo nilivyopata habari kuwa una mjukuu wa tatu. Hongera. Jumanne ile ya keki nakumbuka tulizungumza, ukaniambia magoti yamekubana huwezi hata kufika dukani. Kumbe ulikuwa mjini kwangu, karibu nami kuliko hata kiwanda ninachofanyia kazi, umeshika kisu cha keki. Sikulaumu kwa kumpenda mwanao. Wala kwa kumpenda yule msusi, huenda anakuchua magoti vizuri kuliko dawa yangu. Mume kunisaliti ni jambo linalouma, lakini si mimi wa kwanza, na ningelia nikamaliza. Ninalotaka kukueleza lilikuja baadaye.

Tangu tulipotoka mahakamani Chiriku hakuniachia. Nikipika ameshika kifundo cha mkono wangu. Nikianika nguo amekishika. Nikienda msalani anasubiri mlangoni na kuniita. Nilidhani ni aibu. Nilipokuwa namwosha nywele ndipo akaniuliza kama moyo wangu umeanza kuuma, na nilipomwambia hapana, akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho tangu alipozaliwa. Akanieleza. Siku ya keki ulimpakata, ukamfunga kifungo cha kola, ukamwambia taratibu kwamba siku mama yake atakapoyasikia haya moyo utampasuka afe, na watu wote watajua nani aliyemuua. Kisha ukampa kile kipande chenye ua la sukari. Anasema kilikuwa kitamu. Hilo ndilo linalomtesa kuliko yote, kwamba alikila akakisikia utamu.

Kwa hiyo jioni zile zote, mama, mimi nikimminya kwa maswali, yeye alikuwa amekaa pale mezani analinda uhai wangu. Nimejichukia kwa hilo na nitaendelea kujichukia. Lakini mimi nilikuwa sijui. Wewe ulijua unachokisema, na ulikisema ukiwa umempakata.

Nimejaribu kila njia. Nimempandia ngazi mbio mbele ya macho yake, nimeruka kamba uani hadi majirani wakatoka kuangalia mwendawazimu. Nimempeleka kwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda, akamvisha kile kifaa masikioni asikilize moyo wangu mwenyewe. Alisikiliza sana. Akasema sasa hivi unapiga, lakini bibi hakusema utapasuka lini. Akaacha kula. Nguo zikaanza kumvuka mabegani, na mimi mshonaji nikawa nambania sketi ya mtoto wangu wiki baada ya wiki.

Jumapili asubuhi nikawakalisha wote wawili nikawaambia simu imepigwa kutoka kwenu, bibi amefariki.

Nilisema hivyo bila kupanga sana, kisha nikaona inafaa. Chiriku akauliza umekufa kwa nini. Nikasema moyo ulipasuka. Akauliza kama ni yeye aliyekuua. Nikasema la, bibi alikufa kwa maneno yake mwenyewe, yalikuwa makubwa kuliko kifua chake. Akauliza kama bado kuna zamu ya mtu mwingine. Nikamwambia hakuna, yamekwisha, neno la marehemu huzikwa naye. Alifikiri, akaniachia mkono. Mama, alikula sahani mbili. Alilia kidogo katikati ya sahani ya pili, maana alikupenda, kisha akaimaliza. Tangu siku hiyo shuka lake ni kavu, na jana alianza kunisimulia ndoto yake kuanzia chakula cha mchana hadi cha jioni bila kituo. Bwana Mdogo aliuliza tu nani atarithi redio yako.

Mwanao nilimpa hiari. Nilimwambia anaondoka, hilo halina mjadala, lakini anaweza kuwaeleza watoto sababu kwa mdomo wake, au anaweza kuwaaga kwamba anakwenda mazikoni. Hakufikiri hata dakika. Ndiyo maana unamwona amevaa suruali nyeusi katika joto hili. Alilia kwelikweli pale mlangoni, sijui alikuwa anamlilia nani, na Chiriku akampangusa uso kwa kiganja na kumwambia asijali, bibi hakuumia sana. Akija kwako akakuambia nimemlazimisha, mpikie tu, umzoee. Akitaka kwenda kwa msusi, mpe nauli.

Kwa hiyo nina ombi moja tu, na sijawahi kukuomba kitu. Usipige simu. Usitume zawadi, usimtume mtu, wala usije ukasimama langoni kwangu. Mtoto yule akikuona unatembea atajua kuwa bado kuna zamu, na nitalazimika kuanza kukuzika upya. Ukiona upweke umekuzidi, kaa na mwanao mliyepanga naye, mzungumze. Siku Chiriku atakapokuwa mtu mzima nitamweleza yote, na kama wakati huo utakuwa bado hai, yeye mwenyewe ataamua kama anataka kukufufua.

Nisalimie majirani wote, hasa yule mama wa ng'ambo ya barabara aliyekuwa akiniletea kuni nilipojifungulia kwako. Tunza magoti. Watoto hawajambo ila hawakusalimu, hawajui kama marehemu hupokea salamu. Kila jioni kabla ya chakula Chiriku anakuombea upumzike kwa amani, nami na mdogo wake tunaitikia amina.

Mkweo,
Mama Chiriku