Shimo Moja, Magari Matatu

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Wiki ya pili ya ukarani hapa gereji ya Temeke. Kazi yangu ubao: gari gani liingie shimoni, na lini. Shimo moja! Na fundi wa kushuka humo, chini ya gari, ni Mzee Polikarpo peke yake. Leo lori la unga. Kesho ambulensi ya zahanati — bomba la breki linavuja. Nimeandika kwa chaki, herufi kubwa.

Jumanne, 8 Oktoba
Lori lingali shimoni. Giaboksi iko chini, spea iliyokuja si saizi yake. Na magunia yamo! Tulisukume nje? Mzee Polikarpo akacheka — labda niite kijiji kizima. Ambulensi nimeihamishia Alhamisi. Foleni ya unga dukani imefika barabarani.

Jumatano, 9 Oktoba
Sista Rosalia wa zahanati kaja kwa miguu. Hakugomba. Afadhali angegomba. Jana mjamzito kapelekwa hospitali kwa mkokoteni. Mtoto hakupona. Nikamwambia kesho, sista, hakika. Niape? Nikaapa.

Alhamisi, 10 Oktoba
Spea imepatikana! Saa tano lori limetoka. Ambulensi ikavutwa kwa kamba mpaka uani. Mara Meneja Kamugisha huyo, kafuta ubao kwa kiganja. Kwanza Landrova ya mkubwa, springi — anakwenda kukagua vijiji. Nikasema nimeshaapa. "Ndugu Atuganile, umeajiriwa kuandika, si kuapa."

Na Landrova yenyewe haikuja! Shimo tupu mpaka jioni. Ambulensi hatua kumi tu kutoka hapo. Hija, dereva wake, alikaa kwenye usukani siku nzima. Mie nilikaa na chaki mkononi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Shimo bado tupu. Meneja kaifuata Landrova. Nikamwendea Mzee Polikarpo — shikamoo, marahaba — breki zile masaa mangapi? Matatu. Na meneja je? Nikasema ubao ni wangu. Akanitazama sana. Akavua shati. Tukaisukuma ambulensi na Hija mpaka juu ya shimo, mzee akashuka.

Saa nne. Magurudumu mawili yameshatoka. Landrova iko nje, honi haikatiki. Geti nimelifunga, ufunguo ninao mie. Meneja anaita jina langu, lote, na la baba yangu. Hija anauliza afanyeje. Amshikie mzee taa! Mie naandika, mgongo getini.

Sasa wanagonga kwa jiwe. Toka shimoni Mzee Polikarpo anauliza, "Mwanangu, gurudumu la tatu nilitoe?"

Litoe, mzee —